Kozi ya Kwanza Iko Chini

Ukisimama sokoni Kangemi ukauliza Barasa wa Kokoto ni nani, hata mlevi atakuonyesha nyumba yangu. Iko kule juu, upande ambao siku hizi watu wameanza kupaita Mountain View, na ni ya mawe ya kuchonga kutoka msingi hadi paa. Hakuna jiwe ndani yake ambalo sikulichagua kwa mkono wangu. Nina malori manne. Nyumba nyingi za Parklands zinazopanda orofa juu ya orofa zimesimama juu ya mchanga wangu, na mainjinia wenye shahada hunituma niangalie kokoto kwa jicho kabla hawajamwaga zege. Nasema haya mapema yapite, maana nimechoka kuyasema. Zamani yalikuwa matamu mdomoni. Alhamisi iliyopita asubuhi nilikuwa nimekaa sebuleni, viatu vikiwa bado na vumbi, chai ikipoa mbele yangu, dereva wangu akaingia bila kubisha akaniambia, “Mzee, yule mwalimu wa Kurani wa mjini, Mzee Shee, ameaga. Wanamzika leo baada ya Alasiri.” Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama lori la Westlands liondoke. Nikamwambia sawa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia gari lililozimika mlimani, akatoka.

Kuna hadithi moja ambayo nimeisimulia harusini, kwenye matanga, kwenye baa, na mara moja hata kanisani nilipoombwa kutoa ushuhuda. Ni hadithi ya mwaka ule uliofuata Uhuru, jinsi mimi, mtu wa darasa la pili, nilivyosimama ofisini mjini mbele ya msomi wa mawe na injinia, nikawaambia wamesoma mlima kichwa chini miguu juu, na shule ikahamishwa kwa neno langu. Watu hupiga makofi. Wengine huniongezea chupa. Na kila nilichosimulia ni kweli, sikatai. Lakini ni ukweli kama ukuta ulioondolewa kozi moja ya chini, mstari mmoja wa mawe. Unasimama, unapakwa rangi, watu wanapiga picha mbele yake. Wewe uliyejenga ndiye hulali.

Mwaka ule kazi za ujenzi zilikuwa zimekauka. Wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku, na asiyejua kesho yake hajengi nyumba. Mimi nilikuwa kibarua wa mafundi wa mawe, nimeanza kushika mwiko mwenyewe, na nilikuwa na chumba Kangemi cha ukuta wa udongo ambacho ukinyoosha mguu unafungua mlango. Nilikuwa nikila ugali na mboga ya mrenda asubuhi na jioni, na katikati nakunywa maji nikijidanganya. Ndipo mtu akaniambia kuna Muhindi huko Parklands anatafuta watu wa kuchimba mashimo. Nikaenda kwa miguu. Nilikuta nyumba ya zamani yenye veranda pana, miembe miwili uani, na vyumba vya mbele vilivyojaa rafu za mbao. Juu ya rafu hakukuwa na vitabu. Kulikuwa na udongo. Udongo kwenye mifuko, udongo kwenye visanduku, mawe yaliyopangwa kama mikate dukani, kila moja na karatasi yake. Nikajiuliza hii ni akili au ni wazimu, mtu kuweka udongo ndani ya nyumba na kufunga kufuli.

Mwenye udongo alikuwa Bwana Harish, mtu mwembamba aliyesomea mawe ng'ambo, anayetembea akiangalia chini kama aliyepoteza sarafu. Lakini aliyekaa mlangoni, mbele ya daftari kubwa, alikuwa Mzee Shee, mtu wa Lamu, kofia ya kutariziwa, kanzu nyeupe katikati ya vumbi lote lile. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kila mfuko ulioingia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mimi nisiyeweza kuusoma nilipenda kuuangalia, kama unavyopenda kuangalia fundi hodari akipiga plasta.

“Jina lako nani?”

“Barasa.”

Akatabasamu. “Baraza? Kwetu baraza ni ile ya nje ya nyumba, watu huikalia wakanywa kahawa. Angalia, Baraza, usije ukakaliwa.”

“Hakuna mtu anaweza kunikalia mimi, Mzee.”

“Inshallah. Wajua kusoma?”

“Sana,” nikasema. “Mpaka darasa la nane.”

Hakubisha. Alichukua kipande cha karatasi akaandika mistari miwili, akanituma kwenye hoteli ndogo karibu na msikiti. Nikapeleka. Mwenye hoteli akasoma, akaniangalia, akangoja. Mimi nikarudi nje nikasimama kwenye jua nikingoja majibu ya barua. Nilingoja mpaka mwenye hoteli akatoka akicheka. “We bwana, barua inasema: mpe aliyeileta chai na mahamri mawili. Unakulia huko nje?” Nilikula mahamri yale kwa aibu, lakini niliyala yote. Niliporudi Mzee Shee alikuwa akiandika, hakuinua kichwa. “Chai ilikuwa tamu, msomi wa darasa la nane?” Nikajua nimefukuzwa kabla sijaajiriwa. Halafu nikamsikia akimwambia Bwana Harish, aliyekuwa chumba cha pili, “Bwana, huyu anafaa. Namdhamini mimi.” Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema mtu anayeweza kungoja juani nusu saa bila kugombana anaweza kuchimba shimo.

Walikuwa wakifanya kazi ya ushirika mmoja. Wazee wa ushirika walikuwa wamenunua shamba chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, pale barabara ya Nakuru inaposhuka na masikio yanaziba, na walitaka kujua shule ya watoto wao ijengwe wapi. Kulikuwa na mahali pazuri, mdomoni mwa korongo moja, maji yako karibu, ardhi imeinuka kidogo haishiki matope. Bwana Harish alipaita mahali pale feni. Mimi nilidhani anataka hewa. Mama Zuhura, mke wa Mzee Shee, alikuwa nyuma ya nyumba akipepea jiko la makaa, maana walikuwa wakiishi kwenye chumba cha uani. Mzee Shee akamnyang'anya upepeo, akaulaza chini mchangani mbele yangu.

“Tazama. Mkono huu wa upepeo ndio korongo. Mto ukiwa mle ndani umebanwa, wakimbia na mizigo yake yote. Ukitoka nje ya mlima, wapumua. Watawanyika hivi, na mzigo waushusha. Mzito kwanza. Majabali hapa mlangoni, kisha kokoto, kisha mchanga, na matope huku kwenye ukingo. Ukifanya hivyo miaka na miaka, wajichorea upepeo.”

“Shee, rudisha upepeo yangu, makaa yazimika!” Mama Zuhura akapiga kelele.

“Upepeo wako, si upepeo yangu. Umekaa na watu wa Nairobi mpaka umeharibika.”

“Nimeharibika siku niliyokubali posa yako.”

Bwana Harish alikuwa amesimama verandani na kikombe cha chai. Akashuka, akachutama karibu na ule upepeo. “Sikia, Barasa. Huu mlima iko na ufa mrefu chini yake. Upande moja inapanda, upande ingine inazama. Lakini hapandi kila siku. Mlima ni kama mtu, analala. Akilala, mvua inamkula, anakuwa mfupi, mto inachoka, inaleta matope tu. Akiamka, mto inapata mteremko, inapata nguvu, inatupa mawe mbali sana. Sasa wewe chimba shimo mahali moja. Kama mawe iko chini na matope juu, mlima amelala. Kama matope iko chini na mawe juu, mlima ameamka juzi, na ataleta ingine.”

“Juzi gani, Bwana?”

“Juzi ya mlima. Babu ya babu yako hakuwa.”

“Na kama ni mvua tu ilikuwa nyingi?”

Akaniangalia vizuri mara ya kwanza. “Mvua pia inadanganya. Ndiyo sababu shimo si moja.”

Nimesikia watu wengi wakizungumza tangu siku ile, mawaziri, maaskofu, mawakili. Sijasikia tena kitu kilichoingia kichwani mwangu kikakaa vile. Tangu hapo sijawahi kuona rundo la kokoto nikaliona rundo tu. Malori yangu manne yalizaliwa pale mchangani, mbele ya upepeo wa Mama Zuhura, ingawa nilipokuwa nikisimulia nilikuwa nasema nilizaliwa nayo kichwani.

Tulishuka bondeni kwa Landrova, Bwana Harish, dereva, mimi na vibarua wawili. Siku ya kwanza Bwana alipanda huku na huku akipigilia vigingi vyekundu mahali pa kuchimba. Jioni, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe kwenye korongo, akateleza, mguu ukavunjika chini ya goti. Tulimbeba kwa turubai. Alikuwa ameng'ata kola ya shati lake asipige kelele, lakini tulipomlaza kwenye gari akaniita. “Barasa. Wewe umesoma. Chimba yote. Dhiraa ya kwanza ni vumbi la upepo, tupa. Baada ya hapo, kila tabaka mfuko moja. Andika namba, moja, mbili, tatu, kwa mpangilio. Usichanganye.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Gari likaondoka, nikabaki bosi wa vibarua wawili na vigingi vinne, na nilijiona Gavana.

Tulichimba wiki mbili. Asubuhi tulikunywa uji, mchana ugali na maziwa tuliyopewa na wachungaji Wamaasai, ambao walituomba jambo moja tu, kwamba tufukie kila shimo tukimaliza ng'ombe wasivunjike miguu kama yule Muhindi. Nilijua kuchimba. Chini ya vumbi tulikuta mawe, mawe ya kichwa cha mtu, mengine ya kichwa cha ng'ombe, tukayatoa kwa mtaimbo na kamba mpaka mgongo ukalia. Halafu kokoto. Halafu mchanga, na hapo tukapumzika, tukaimba kidogo. Chini kabisa matope magumu ya rangi ya chai ya maziwa. Shimo likifika mwisho nilishuka mwenyewe na mifuko, nikaanza kuandika. Kuandika namba nilijua, fundi hawezi kukosa namba. Nilianza miguuni kwangu: moja. Nikapanda: mbili. Nikapanda tena. Mawe ya juu yakawa namba tano. Hapakuwa na shaka hata kidogo kichwani mwangu. Nionyeshe fundi mmoja chini ya jua hili anayeita kozi ya juu ya kwanza. Utaijengaje kabla hujajenga ya chini? Kozi ya kwanza iko chini. Hivyo ndivyo ukuta unavyohesabiwa, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwa mpangilio.

Tuliporudi Parklands, Mzee Shee alipokea mifuko mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari lake. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja ni ya juu, kwa sababu msomi wa mawe huanza kuona juu. Hakuniuliza, nami sikujua kuna la kuulizwa. Mbele ya kila namba moja akaandika neno *juu*, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza. Nilisimama nyuma ya bega lake nikiangalia. Herufi tatu. Ningekuwa najua kusoma ningesema hapana. Ningekuwa nimekubali kwamba sijui, angenisomea. Nimefikiria herufi zile tatu mara nyingi kuliko nilivyofikiria watu wengi.

Wiki moja baadaye nilikuwa verandani nikifagia, na dirisha la chumba cha Bwana Harish lilikuwa wazi. Alikuwa na mguu wake wa plasta juu ya kiti, na alikuwa akizungumza na injinia wa ushirika, kijana Mkikuyu mwenye tai nyembamba. “Shimo nne zote zinasema kitu moja,” nikamsikia. “Matope juu, mawe chini. Mlima amelala zamani. Hayo mawe kubwa unaona kwa uso wa nchi yameanguka tu kutoka jabali. Jengeni shule pale pale mdomoni, karibu na maji. Kesho nitaweka sahihi ofisini kwenu.” Ufagio ukasimama. Sikuhitaji kusoma. Mgongo wangu ulijua. Mgongo wangu ulikumbuka siku ya mawe ilikuwa siku ya kwanza, na siku ya kuimba ilikuwa ya mwisho. Matope juu? Nani aliyanyanyua yale mawe, basi, malaika?

Nilikwenda nyuma nikamkuta Mzee Shee akila. Ilikuwa mbaazi za nazi kwenye sahani ya bati, na Mama Zuhura akanisukumia yangu bila kuniuliza, halafu akaenda kuanika nguo. Sikula. Nikamweleza Mzee jinsi nilivyohesabu. Alitafuna polepole mpaka nikamaliza, akafuta vidole.

“Ulianzia chini.”

“Kozi ya kwanza iko chini, Mzee.”

“Kwa hakika wasema? Mashimo yote manne?”

“Muulize mgongo yangu.”

“Mgongo wangu,” akasema, lakini bila kucheka. “Unajua, Baraza, wewe hukukosea. Ardhi nayo yahesabu kama fundi. Iliyolala kwanza ndiyo ya chini. Ni sisi wenye kalamu tunaohesabu kinyume.” Akasukuma sahani. “Lakini watoto watasoma chini ya mlima ulioamka. Hilo haliwezekani. Kesho twende sote, uwaambie.”

“Watanifukuza. Watajua sijasoma. Na wewe ndiye ulinidhamini.”

“Kula mbaazi,” akasema.

Ofisi ya injinia ilikuwa mjini, orofa ya tatu, na mimi ndiye niliyepanda na masanduku ya mifuko begani, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa kuniona ndani. Kulikuwa na meza ndefu iliyong'aa, dirisha lenye kelele za mabasi, na mwenyekiti wa ushirika, mzee wa koti refu, fimbo katikati ya magoti. Bwana Harish aliweka magongo yake ukutani. Injinia akafungua ramani, akaweka kidole. “Basi shule ni hapa. Mzee mwenyekiti, umeridhika?” Mwenyekiti akasema ameridhika kama mawe yameridhika. Wakacheka. Kalamu ikatolewa. Nikamwangalia Mzee Shee aliyekuwa amekaa pembeni na daftari lake mapajani, naye ananiangalia mimi, hasemi, ananingoja, kama yule mwenye hoteli aliyengoja niombe chai.

“Bwana,” nikasema. “Mawe yalikuwa juu.”

Injinia akageuka. “Nini? Nani amekuuliza wewe?”

“Ni mimi nilichimba. Mawe yalikuwa juu, Bwana Harish. Tuliyatoa siku ya kwanza. Matope yalikuwa chini kabisa. Shimo zote.”

“Kibarua anatufundisha jiolojia,” injinia akasema. “Kesho mpishi atatufundisha sheria.”

Lakini Bwana Harish hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikia mlio kwenye injini. “Ulitoa nini kwanza? Sema pole pole.” Nikasema. Mawe, kokoto, mchanga, mchanga laini, matope. Akavuta daftari kutoka mapajani mwa Mzee Shee, akalifungua, akaweka kidole. “Basi hapa. Namba moja, matope. Imeandikwa *juu*. Nani ameandika juu?”

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Ilikuwa nafasi pana kabisa, mtu angeweza kuegesha lori. Nilitakiwa kusema, Bwana, namba ni zangu, nilianzia chini, sikujua, sijui kusoma. Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na tope kavu la rangi ya chai ya maziwa kwenye mshono.

“Neno *juu* ni mwandiko wangu, Bwana,” Mzee Shee akasema.

“Shee? Wewe?”

“Ni mkono wangu. Hakuna mwingine aliyeandika humo.”

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniua na ndilo lililoniokoa, kwamba hakusema uongo hata neno moja. Bwana Harish alifunga daftari polepole sana. Mwenyekiti wa ushirika akaninyooshea fimbo yake akasema, “Huyu kijana ana macho. Kama si yeye tungezika watoto.” Injinia akanivutia kiti. Mara ya kwanza katika maisha yangu mtu wa tai kunivutia kiti, na nilikikalia. Mzee Shee alikuwa amesimama.

Tulirudi bondeni kuhakikisha. Bwana Harish alikaa ukingoni mwa shimo kwenye kiti cha kukunja, mguu wake mweupe umenyooshwa, nami nikachimba shimo jipya kando ya lile la kwanza. Mawe yakatoka kwanza, kama nilivyosema. Na kwenye ukuta wa shimo tuliona kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza, mstari ulioshuka wima, na tabaka zote upande mmoja zilikuwa zimezama kipimo cha kiganja. Nikamwambia, “Bwana, hii ni kama nyumba msingi ukizama upande moja. Kozi zinakatika hivi hivi.” Akaniangalia kutoka juu, akatikisa kichwa kwa furaha kama mtoto. “Hiyo ndiyo yenyewe, Barasa. Hiyo ndiyo ufa.” Shule ikajengwa ng'ambo ya kilima, mbali na mdomo wa korongo. Mimi nikafanywa nyapara wa wachimbaji, baadaye nikajua mchanga mzuri unapatikana wapi kwenye kila upepeo wa bonde lile, na baadaye tena nikanunua lori la kwanza. Nikisimulia huwa naongeza kwamba mwaka uliofuata mawe yalishuka pale usiku mmoja yakafunika kila kitu. Ukweli ni kwamba sijui kama yalishuka. Sijawahi kurudi kuangalia.

Mzee Shee hakufukuzwa. Bwana Harish alimwambia tu kwa upole kwamba kuanzia sasa daftari litaandikwa na mtu mwingine, yeye aangalie stoo. Mzee akafuta kalamu yake kwa kitambaa, akaifunga, akaiweka mfukoni. Mwisho wa mwezi akaacha kazi mwenyewe, wakahama chumba cha uani. Nilibeba godoro lao mpaka kwenye mkokoteni. Nilibeba na upepeo. Mama Zuhura alikuwa akilia na kufoka pamoja. “Miaka yote hiyo kuandika, mtu hajui juu na chini!” Mzee akacheka, akamwambia ashike sufuria vizuri. Nilipata nafasi pale pia. Mtu hupata nafasi nyingi kuliko anavyokubali baadaye.

Walipanga orofa ya pili nyuma ya River Road, Mzee akafundisha watoto Kurani na kuandika barua za watu. Nilipita barabara ile mara nyingi sana nikiwa juu ya lori, na nilijifunza kuangalia upande wa pili. Nilijifunza kusoma pia, nikiwa mtu mzima, kwa siri, kwa kulipia mwalimu aliyedhani nataka Kiingereza. Miaka michache iliyopita nikasikia wanapanua chumba cha madrasa, nikapeleka lori zima la mchanga safi, bure, na dereva nikamwambia aseme ni sadaka ya rafiki. Dereva akarudi na karatasi. Nikaijua kabla sijaifungua. Ule mwandiko haukuwa umezeeka. *Mchanga umefika. Wewe hujafika.* Niliweka kwenye droo pamoja na vyeti vya malori. Nikasema nitakwenda Ijumaa, nikasema baada ya mvua, nikasema gari likitoka gereji.

Alhamisi nilifika. Nilisimama nyuma kabisa makaburini, kichwa wazi, halafu nikakumbuka nikafunika na leso. Sikujua dua zao, kwa hivyo niliangalia nilichokijua. Udongo mweusi ulikuwa juu, chini yake maramu nyekundu. Waliporudisha, mweusi uliokuwa rundo la karibu uliingia kwanza na nyekundu ikabaki juu, na nikawaza kwamba mtu akija kuchimba hapa baadaye atasoma vibaya, na hakuna wa kumwambia.

Nyumbani kwao ngazi zilikuwa zimejaa viatu. Mama Zuhura alikuwa kwenye mkeka, amezeeka, amekuwa mdogo, wajukuu wamemzunguka, na harufu ya mbaazi za nazi ilitoka jikoni. Akanikazia macho.

“Ni Baraza huyu? Umenenepa.”

“Ndiyo, Mama.”

“Alikuwa akikutaja. Kila lori likipita alisema, lile la Baraza.” Akajifuta macho kwa ukingo wa leso, akacheka kidogo. “Wakumbuka lile kosa lake? La juu na chini? Mie nimemcheka nalo mpaka juzi hospitalini. Muuguzi kamwambia ageuke, mie namwambia muuguzi, we mwonyeshe upande, huyu hajui juu na chini. Naye acheka tu.”

“Hakukuambia?”

“Kuniambia nini?”

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Nilikaa chini kwenye sakafu, na suti yangu, katikati ya viatu vya watu. Nikamwambia namba zilikuwa zangu. Nikamwambia sikujua kusoma. Nikamwambia alisimama pale ofisini akangoja niseme, na sikusema, na nilipewa kiti. Mama Zuhura aliangalia ukuta pale alipokuwa akikaa mumewe kuandika, meza bado ina wino.

“Na mie nimemcheka,” akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Kisha akawaita wajukuu, wakubwa kwa wadogo, wakaja wakakaa. Akaninyooshea kidole.

“Haya. Sema tena, wasikie hawa. Tangu mwanzo.”

Nikavua leso kichwani, nikaanzia chini.